Kutoka Michikichini Hadi Kwenye Brashi: Jibu kwa Kijana wa Gitaza



Mwezi uliopita nilikuwa Gitaza kukusanya ada za wanachama. Wanaosafiri kutoka Bujumbura kwenda Rumonge wanapajua mahali hapo: mlima upande mmoja, ziwa upande wa pili, na barabara na nyumba zetu zimebanwa katikati. Niliketi chini ya mwembe karibu na maji, daftari la ada likiwa magotini, na wanachama wakawa wanakuja mmoja mmoja.

Akaja kijana mmoja ambaye kwao ni hapo Gitaza, lakini kazi yake ni kukata mikungu ya michikichi upande wa Rumonge. Nilipompa kalamu atie sahihi, niliona rangi ya buluu chini ya kucha zake. Nikamwuliza rangi hiyo inatoka wapi. Akasema kwamba kila Jumapili hupaka mitumbwi ya wavuvi na kuandika majina ubavuni. Alinionyesha mmoja uliokuwa mchangani. Herufi zilikuwa zimenyooka, na nafasi kati ya herufi na herufi ilikuwa sawa. Nilijua mara moja kwamba mkono ule si wa kubahatisha.

Alilipa ada yake lakini hakuondoka. Kisha akasema, "Mzee, naomba ushauri. Niache michikichi nikapake rangi?"

Sikumjibu siku ile. Nitasema ukweli kwa nini. Kwanza, ni mwanachama mzuri, na tawi letu likimpoteza litakuwa limepungukiwa. Mtu mwenye faida yake katika jibu hana budi kujihadhari kabla ya kushauri. Pili, mimi mwenyewe nilipaka rangi majumba kwa miaka sita kabla ya kuingia katika kazi ya chama, na ninayajua matamu na machungu yake. Nilimwahidi kwamba nitamjibu katika kurasa hizi, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Katika kila kiwanda na kila shamba yupo mtu ambaye mkono wake unajua jambo zaidi ya lile analolipwa mshahara.

MKATA MKONGE ALIYESHIKA BRASHI

Kwanza nawakumbusheni habari za mtu mmoja wa nchi jirani. Jina lake Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 katika sehemu za Tunduru, kusini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1950 alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa kusini: alikwenda Tanga kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Wenzetu wa mashambani hawahitaji kuelezwa kazi ile ilikuwaje. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na vibarua vya kila namna.

Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora picha za kuuza. Hakuwa amesoma shule yoyote ya sanaa. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa Ulaya. Alichukua vipande vya mbao laini za dari, akanunua rangi ya kopo ile ile inayopakwa kwenye baiskeli na milango, akachora ndege na wanyama. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipopita wageni wenye fedha. Mke wake Agatha alisaidia kuziuza.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau wanapoisimulia habari hii. Alipokuwa ameanza kujulikana, Tingatinga alikuwa na kazi ya mshahara. Alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya Muhimbili, na picha alichora katika saa zake za mapumziko. Hakuutupa mshahara siku ya kwanza alipouza picha.

Jambo la pili ni kwamba hakuificha kazi yake. Aliwaita ndugu na vijana waliotoka kwao kusini, akawafundisha: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa bunduki na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa na umri wa miaka 40 tu, na alikuwa amechora kwa miaka minne hivi. Kwa fundi mwingine kazi ingeishia kaburini. Lakini wale wanafunzi waliendelea kupaka pale pale. Mwaka 1977 waliunda ubia wao, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika kinachobeba jina la mwalimu wao. Leo jina Tingatinga si la mtu mmoja tena, ni jina la namna nzima ya uchoraji, na watu wanaishi kwa kazi hiyo zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake.

Kijana wangu anaweza kusema: "Mzee, yule alichora picha za wageni. Mimi napaka mitumbwi na kuta." Ni kweli. Lakini kopo la rangi ni lile lile, na kanuni za kuishi kwa brashi ni zile zile. Nitazitaja moja moja, nikianza na ile iliyonigharimu.

UKUTA ULIOGEUKA SABUNI

Nilipokuwa na umri wa miaka 20 na kitu, kontrakta mmoja alinipa kazi ya kupaka nyumba ya duka karibu na ziwa. Ulikuwa msimu wa mvua. Lipu ya saruji ilikuwa na wiki mbili tu, na mwenye duka alitaka kufungua haraka. Kontrakta akaleta rangi ya mafuta kwa sehemu ya chini ya ukuta, ili iweze kuoshwa. Nilipaka vizuri. Ukuta uling'aa, tukapeana mikono.

Haukupita muda mrefu ukuta ukaanza kutoa malengelenge. Ukiyatoboa, ndani mlikuwa na utelezi. Rangi ikabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka. Kontrakta akaniambia kwamba nimeharibu kazi, na nusu ya malipo iliyobaki sikuipata hadi leo. Yede wangu, yaani msaidizi, nilimlipa kwa fedha ya mfukoni mwangu, maana yeye hakuwa na kosa.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa. Wenzetu wa viwanda vya sabuni watanielewa upesi. Sabuni hutengenezwaje? Mawese yakikutanishwa na soda kali, mafuta hugeuka sabuni. Sasa saruji mbichi nayo ina ukali wa namna hiyo, na rangi ya mafuta ina mafuta ndani yake. Ukizikutanisha ukutani pamoja na unyevu, ukuta unatengeneza sabuni. Mimi nilikuwa nimefungua kiwanda cha sabuni katika duka la watu bila kujua.

Kwa hiyo fundi rangi mwenye kutaka kudumu lazima aujue ukuta kabla ya kuifungua rangi. Lipu mpya ya saruji iachwe wiki 4 hivi ikauke, na msimu wa mvua isubiri zaidi. Ukuta wa zamani upigwe brashi ya waya, usuguliwe kwa msasa, ufutwe vumbi, nyufa zizibwe, ndipo rangi ya kwanza ya kushika ukuta ipakwe. Na hapa kwetu ufukoni liko jambo jingine. Maji ya ziwa yalipanda sana kuanzia mwaka 2020, na nyumba nyingi za kando ya maji ziliingiwa. Ukuta ulionywa maji ya ziwa hutoa unga mweupe wa chumvi. Ukipaka juu ya unga huo, umepaka juu ya hewa. Ukwanguliwe, uachwe ukauke, ukwanguliwe tena. Mwenye nyumba atanung'unika kwamba unachelewa. Mweleze sababu. Akikulazimisha, afadhali uiache kazi, maana rangi ikibanduka hatakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuharakisha.

Kazi ya kulipua si ugonjwa wa kwetu tu. Huko Uingereza alikuwapo fundi rangi na mwandika vibao aliyeitwa Robert Noonan, aliyefanya kazi katika mji wa Hastings. Aliandika kitabu juu ya maisha ya mafundi rangi, kwa jina la kalamu Robert Tressell: The Ragged Trousered Philanthropists. Alieleza jinsi mabwana wa kazi walivyowaamuru mafundi wafiche nyufa na kupunguza mikono ya rangi ili faida iongezeke, na fundi aliyetaka kufanya kazi vizuri alionekana mvivu. Noonan alikufa mwaka 1911, kitabu kikatoka mwaka 1914. Zaidi ya miaka mia imepita, na fundi wa Rumonge akisimuliwa habari zile atadhani zimeandikwa juu ya kontrakta wake.

KALAMU KABLA YA BRASHI

Kosa langu la pili katika duka lile lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: sikuwa na karatasi. Kama tungeandikiana kwamba lipu ina wiki mbili na kwamba kontrakta ndiye aliyeamuru ipakwe hivyo, ningekuwa na la kusema. Nilikuwa na mdomo tu, na mdomo wa fundi haushindani na mdomo wa mwenye fedha.

Mafundi wengi hawafilisiki kwa kukosa kazi, hufilisika kwa kukisia. Mwenye nyumba anauliza, "Chumba hiki kiasi gani?" Fundi anatazama dari, anakuna kichwa, anataja bei. Hajapima chochote. Rangi inakwisha ukuta mmoja ukiwa bado, na ananunua kopo la mwisho kwa fedha ya chakula cha watoto.

Kupima ni hesabu za shule ya msingi, ambazo ndizo nilizosoma mimi. Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5, na kimo cha mita 2.8. Zunguka kuta zote nne: 4 na 4 na 3.5 na 3.5 ni mita 15. Zidisha kwa kimo: 15 mara 2.8 ni mita za mraba 42. Toa mlango wa mita 0.9 kwa 2, ambao ni 1.8. Toa dirisha la mita 1.2 kwa 1.2, ambalo ni 1.44. Inabaki karibu mita za mraba 39. Mikono miwili ya rangi ni 78. Lita moja ya rangi ya maji, juu ya ukuta laini, hupaka mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja. Basi unahitaji lita 8, na kidogo ya akiba. Ukuta wa kukwaruza au lipu inayonywa sana itataka zaidi, kwa hiyo jaribu kwanza kipande kimoja uone lita yako inafika wapi.

Ukishajua rangi, andika gharama nyingine: puti, msasa, nauli ya kubeba vitu, siku zako za kazi, siku za yede. Halafu weka fungu la kuchakaa kwa brashi, rola na ngazi, maana vitu hivyo havidumu milele. Kinachozidi hapo ndicho chako. Fundi anayesahau kuhesabu siku zake mwenyewe huwa amejiajiri bila mshahara, na hilo hatulikubali kwa mwajiri yeyote. Kwa nini tulikubali kwa nafsi zetu?

Kisha andikeni makubaliano, hata kwenye ukurasa wa daftari la shule. Mambo haya yasikosekane: kuta zipi na milango mingapi, mikono mingapi ya rangi, nani ananunua rangi, kazi inaanza lini na inatarajiwa kwisha lini, arbuni ni kiasi gani, malipo ya katikati yatolewe kazi ikifika wapi, na yaliyobaki yatolewe lini. Wote wawili watie sahihi, na shahidi mmoja. Nakala moja ibaki kwako. Asiyejua kuandika atie dole gumba na asomewe kwa sauti. Mtu mwema hatakasirika kwa kuombwa karatasi. Anayekasirika amekwisha kukujulisha nia yake kabla hujachafua brashi.

RANGI INAYOKULA MTU

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia. Kazi hii inaonekana safi kuliko kukata michikichi. Hakuna nyoka, hakuna miiba, na mtu hufanya kazi kivulini. Lakini mwaka 1989 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya kupaka rangi miongoni mwa mambo yanayojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Vumbi la msasa, mvuke wa thina na tapentaini, na sumu zilizomo katika baadhi ya rangi huingia mwilini polepole.

Sumu mbaya kuliko nyingine ni madini ya risasi, ambayo huwekwa katika baadhi ya rangi za mafuta ili zikauke upesi na ziwe na rangi kali, hasa ya manjano na nyekundu. Risasi huharibu damu, figo na mishipa ya fahamu. Kwa watoto huharibu akili, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanashauri kwamba rangi isiwe na risasi zaidi ya sehemu 90 katika sehemu milioni. Unaponunua, tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Kopo lisilo na maandishi yoyote, lililojazwa upya sokoni, liache hata kama ni rahisi.

Jambo hili si geni kwa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 13 juu ya rangi nyeupe ya risasi. Mkataba huo ulikataza rangi hiyo kutumiwa ndani ya majengo, isipokuwa katika mahali pachache palipotajwa. Pale ilipobaki kuruhusiwa, ulitaka mafundi wapewe maji ya kunawa, wavae nguo za kazi, na vumbi la kukwangua lizuiwe. Wazee wetu wa kazi walidai mambo hayo zaidi ya miaka mia iliyopita. Nasi tusione aibu kumwambia kontrakta, "Bwana, tunahitaji maji na sabuni."

Fanya hivi. Ukuta wa zamani usiusugue mkavu. Ulowanishe kidogo kwanza ili vumbi lisiruke. Funga pua na mdomo, na fungua madirisha. Usinawe mikono kwa thina wala petroli, maana hupita kwenye ngozi. Usile ndagala kwa vidole vyenye rangi, wala usivute sigara ukiwa kazini. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kuingia nyumbani na zisifuliwe pamoja na za watoto, maana mtoto anayekukimbilia akukumbatie hajui umebeba nini.

Na ngazi, ndugu zangu. Kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani. Yede aishike. Usijinyooshe kufikia kona ya mbali, shuka uihamishe. Kushuka na kupanda kunachukua muda mfupi. Mguu uliovunjika unachukua msimu mzima, na fundi wa kujitegemea hana anayemlipa siku hizo.

MTU PEKE YAKE NA KOPO LAKE

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya kibarua cha shamba na fundi wa kujitegemea. Mwajiri mwenye wafanyakazi wa mshahara analazimika kuwaandikisha katika INSS, na mtu akiumia kazini au akizeeka ana pa kudai. Wengi wetu tunalalamika juu ya mwajiri, na mara nyingi tunayo haki ya kulalamika, lakini tunasahau kwamba jina kwenye orodha ile tulilipata kwa madai ya miaka mingi. Fundi anapotoka lango la shamba na kopo lake mkononi, ngao hiyo anaiacha nyuma. Hana budi kujitengenezea nyingine.

Ngao hiyo haitengenezwi na mtu mmoja. Mafundi rangi watatu au wanne wa sehemu moja wakikubaliana, wanaweza kununua ngazi nzuri kwa pamoja. Wanaweza kuchukua kazi ya shule au ghala ambayo mmoja haiwezi. Wanaweza kuweka fungu la ugonjwa, kila kazi itoe kidogo. Na zaidi ya yote, wanaweza kukubaliana juu ya bei ya chini ambayo hakuna atakayeshuka chini yake. Bila hilo, mwenye nyumba atakwenda kwa wa kwanza, atakwenda kwa wa pili, atakwenda kwa wa tatu, na kila mmoja atashusha bei mpaka wa mwisho apake ukuta kwa gharama ya rangi tu. Hapo aliyepata kazi na aliyekosa wote wamepoteza.

Wengine husema, "Chama cha wafanyakazi ni cha wenye mwajiri, mafundi wa mtaani hakiwahusu." Si kweli. Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 204, linalosema wazi kwamba watu wa kazi zisizo rasmi nao wana haki ya kujiunga na kujadiliana. Wanafunzi wa Tingatinga hawakuwa na mwajiri, lakini walikaa pamoja, na ndiyo maana jina lao halikupotea.

JIBU LANGU

Sasa, kijana wangu wa Gitaza, nakujibu kama nilivyoahidi.

Usiache michikichi mwezi huu. Wala usiiache Jumapili yako. Endelea na yote mawili, lakini anza daftari. Kila mtumbwi na kila mlango uandike: ulipima nini, ulitumia rangi kiasi gani, siku ngapi, ulilipwa nini, na kipi kinadaiwa. Fanya hivyo kwa mwaka mmoja, ili daftari lione msimu wa mvua na msimu wa jua. Mwaka ukiisha, lisome kwa moyo mweupe. Ukikuta kwamba brashi ya Jumapili imekuwekea akiba ya miezi mitatu ya chakula, kwamba una ngazi, rola na brashi zako mwenyewe, na kwamba unaye mwenzako mmoja au wawili mnaoaminiana, hapo mwage mwajiri wako vizuri, kwa taarifa inayotakiwa na sheria, udai stahili zako zote, uondoke na baraka. Likikuonyesha vinginevyo, hujapoteza kitu. Una mshahara, na una kazi ya pili.

Na usiache kwa kuwa unaona aibu ya kukata michikichi. Mtu anayeikimbia kazi kwa aibu huchukua yoyote inayofuata kwa bei yoyote. Mkono wako ni mzuri, nimeuona. Lakini nimewaona mafundi wenye mikono mizuri kuliko wako wakipaka kuta za watu na kulala njaa, kwa sababu hawakupima, hawakuandika, na hawakukaa na wenzao.

Wiki hii nimepita tena Gitaza. Sikuwa nimemwambia bado niliyoyaandika hapa. Nilimkuta mbele ya duka la jirani yake, ameshika kamba yenye mafundo, fundo moja kwa kila mita, anapima ukuta. Nikamwuliza dirisha lina mita ngapi. Akasema, "Madirisha ni mawili, Mzee, lakini la nyuma limezibwa kwa matofali, nalo litapakwa. Sijalitoa."

Nilikuwa nimekuja kumfundisha, na dirisha la nyuma mimi sikuliona.

Wanachama wenye kazi za mikono nje ya kazi zao, wa rangi, wa useremala, wa kushona, waandikeni majina yao kwa makatibu wa matawi. Tukiwapata wanaotosha, tutakaa siku moja tufundishane kupima na kuandika makubaliano. Kila mmoja aje na daftari na kalamu. Kamba ya mafundo tutaazima kwa kijana wa Gitaza.